Jioni bila kukimbizana na sufuria

SWALI: Shikamoo mama. Nina watoto wawili, mvulana wa miaka 14 na binti wa miaka 9, tunaishi Pasua hapa Moshi. Nafanya kazi katika duka la vifaa vya umeme mjini, tunafunga saa 12 jioni, nafika nyumbani karibu saa 1. Nikifika wote wana njaa. Nikijikaza napika ugali wa sembe na kabichi, nikishindwa tunaagiza chipsi, na siku hizi imefika mara tatu kwa wiki. Mume wangu ameambiwa hospitali kuwa presha yake iko juu, apunguze chumvi. Nina jiko la gesi la plati mbili na friji ndogo. Natamani kupika maharage, mboga za majani, hata mtori kama wa mama yangu, lakini kila nikijaribu naishia kugombana na watoto huku nikitazama saa. Muda wa kupika kwa utulivu nitautoa wapi? Na je, dona ni bora kweli kuliko sembe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulivyoandika nimeona mama anayejua kupika na anayependa kupika, kwa hiyo sitakufundisha makundi ya chakula. Shida yako ni kwamba kazi za saa tatu umezibana ndani ya saa moja, tena ile saa ambayo kila mtu nyumbani ana njaa, na wewe mwenyewe ndiye uliyechoka kuliko wote. Kupita sokoni, kuchambua mboga, kuosha vyombo vya asubuhi, kuchemsha, kuunga, kusonga ugali. Hata mpishi wa hoteli hafanyi hayo yote mfululizo wakati wageni wameshakaa mezani.

Sitaki uongeze kasi. Ninachokushauri ni kimoja, na mengine yote yanatoka humo: chakula kinachohitaji muda mrefu kipike wakati hakuna anayekingoja. Maharage yanayochemka jikoni kwako leo jioni yawe ya kesho. Ya leo yalishaiva jana, yanangoja kuungwa tu. Ukilizoea hili utaona kuwa sufuria inaweza kuchemka saa nzima pembeni yako bila kukusumbua, kwa sababu hakuna mtoto anayekuja kufunua mfuniko kuuliza kama tayari.

Nianze na maharage yenyewe, maana ndiyo wengi wanayoyaogopa siku za kazi. Usiku mkishakula, mimina kilo moja kwenye sinia, kaa chini uyachague taratibu: toa mawe, toa yaliyobunguliwa na yaliyokunjamana. Osha mara mbili, yaloweke kwenye maji mengi, kisha nenda kalale. Kwa saa 8 hadi 12 punje hunywa maji mpaka katikati, na sehemu ya zile sukari zinazojaza gesi tumboni hutoka na kubaki kwenye maji, ndiyo maana maji hayo tunayamwaga. Miezi ya joto, hasa Januari na Februari, Pasua hata usiku hakupoi. Bakuli likiachwa mezani muda mrefu maji huanza kutoa povu na harufu ya uchachu, kwa hiyo loweka ndani ya friji. Asubuhi kabla hujatoka mwaga maji, suuza, yafunike, yarudi kwenye friji hivyohivyo mabichi. Ukirudi jioni, kitu cha kwanza ni kuyabandika kwenye plati moja. Plati ya pili ndiyo ya chakula cha leo.

Yakianza kuchemka, yaache yatokote kwa moto mkali angalau dakika 10 nzima kabla hujapunguza. Hapa nasisitiza. Maharage mabichi, mekundu hasa, yana kitu kinachoitwa lektini ambacho humtapisha mtu na kumharisha, na hakiishi kwa moto wa vuguvugu. Baada ya hapo shusha moto, funika, endelea na shughuli zako. Yaliyolowekwa vizuri huiva kwa saa moja, moja na nusu hivi. Yasiyolowekwa yanaweza kupita saa mbili, na gesi yote hiyo unailipa wewe.

Ukiwa na ndugu Arusha wakakuambia maharage yao hayaivi upesi, wanasema kweli. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa joto lililopungua nyuzi 1. Moshi mjini yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, Arusha mjini, mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ni karibu 95, na kule juu migombani kwetu, Kibosho au Marangu, ni hivyohivyo. Nyuzi mbili tu, lakini jikoni zinaongeza muda unaouona kwenye mtungi wa gesi. Sufuria ya presha inamaliza tatizo hilo kwa sababu mvuke unafungiwa ndani na joto linapanda kupita nyuzi 100. Maharage yaliyolowekwa yanaiva humo kwa dakika 20 hadi 25. Kama mwaka huu una uwezo wa kununua chombo kimoja tu cha jikoni, ningependa kiwe hicho.

Na magadi je? Najua wengi wetu huku Kilimanjaro tumekua tukiona yakitiwa kwenye maharage na kiburu, zile ndizi zinazopondwa pamoja na maharage. Yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na yanaongeza sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi, nawe nyumbani una mtu wa presha. Kuloweka kunatosha. Yakiloweka usiku kucha, yakachemka saa mbili na bado ni magumu, basi yamekaa ghalani mno, hata ungeyatia nini. Pale soko la Mbuyuni muulize muuzaji ni ya msimu gani, nunua nusu kilo kwanza ujaribu, ukiyapenda ndiyo urudi kuchukua sado nzima. Mimi napenda ya Lyamungo, mbegu iliyotoka hapa kwetu Hai: makubwa, yana madoa, na mchuzi wake unakuwa mzito wenyewe.

Yachemshe bila chumvi. Kilo moja kavu inakupa zaidi ya kilo mbili zilizoiva. Gawa kwenye vyombo vidogo, kila kimoja mlo mmoja, yapoe upesi, yaingie kwenye friji. Utakayokula ndani ya siku tatu yakae chini, yanayobaki yapande kwenye kile kichumba cha barafu. Umeme ukikatika, usifungue friji ovyo. Ikifungwa inashika ubaridi saa 4 hivi, ikizidi hapo kwenye joto la Moshi usijipe moyo kwa kuonja. Na kila ukitoa kiporo kichemke mpaka kitoe mvuke kote, si kupashwa tu.

Sasa tazama jioni yako inavyobadilika. Jumatatu unaunga maharage kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi, dakika 15. Jumatano unayatumia kwa kiburu, ndizi zikiiva unapondaponda pamoja. Ijumaa yanakutana na mahindi yaliyokobolewa, ambayo nayo uliyachemsha Alhamisi pembeni ukisimamia madaftari ya watoto, na hayo ni makande tayari. Hapo katikati weka dagaa siku moja, au samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu ukimpata.

Kuna jambo dogo ambalo akina mama wengi hulidharau, nalo ndilo linaloleta ugomvi: ile nusu saa ya kwanza. Mtoto mwenye njaa hawezi kusubiri, na wewe mwenye njaa huwezi kuwa mpole. Mkifika, kila mtu apate kitu palepale, ndizi mbivu, kipande cha parachichi, karanga za kuchemsha, au kikombe cha uji uliopika asubuhi ukaufunga moto kwenye chupa ya chai. Usiogope kwamba watashiba wakaacha chakula. Watakuachia tu nafasi ya kupika bila kuhesabiwa dakika, na nawe kula, usijisahau.

Mboga za majani hazina shida ya moto, dakika tano zinatosha. Muda wake unakwenda kwenye kuchambua, na kuchambua si lazima kufanyike saa 1 usiku. Nunua mchana. Mama anayepita na beseni la mboga mjini mzoeane, akuletee mafungu yako dukani. Kile kipindi cha alasiri ambacho wateja wametulia, vuta stuli, chambua mnafu wako ukiongea na mwenzako. Nimewaona wengi wakifanya hivyo kwenye maduka ya Moshi, na jioni wanatoka na mfuko ambao kilichobaki ni kuosha na kukata. Ukiinunua leo ya kupika kesho, usiioshe kwanza. Ifunge kwenye kitambaa au karatasi, iweke sehemu ya chini ya friji. Majani yaliyolowa huoza.

Ukifika nyumbani, osha kabla ya kukata. Ukikata ndipo uoshe, vitamini C na foleti zinatoka na maji pale pale ulipokata. Jaza beseni, zamisha majani, yatikise kwa vidole, acha kidogo mchanga utue, kisha yainue kwa mikono miwili uyaweke kwenye chombo kingine. Usimimine maji majani yakiwa ndani, maana mchanga wote uliokwisha tua unarudi juu ya mboga. Rudia mpaka ukipapasa chini ya beseni usikutane na chengachenga. Binti yako wa miaka 9 anaiweza kazi hii vizuri, na nakuhakikishia ataipenda. Halafu kata, tia kwenye kitunguu na nyanya iliyolainika kwa mafuta kijiko kimoja au viwili, funika, geuza mara moja, toa ikiwa bado ina rangi yake. Mafuta hayo kidogo yana kazi, maana bila hayo mwili haufaidi vizuri vitamini A iliyomo kwenye majani. Mnafu ukiwa mchungu kwa watoto changanya na mchicha au majani ya maboga, malizia kwa maziwa kidogo kama wanavyofanya bibi zetu.

Tukiwa hapohapo: chai isinywewe pamoja na chakula hicho. Majani ya chai yanazuia madini chuma ya maharage na mboga yasiingie mwilini, na binti anayekua anayahitaji sana. Iwe saa moja baadaye. Mezani weka kipande cha limao, chungwa au pera. Vitamini C inasaidia madini chuma kufyonzwa.

Sasa niseme la ndani kidogo, uniwie radhi. Katika barua yako kuna watu wanne, na mpishi ni mmoja. Umeniuliza utatoa wapi muda, nami naona sehemu yake kubwa iko mikononi mwa hao watatu. Mvulana wa miaka 14 anarudi shule kabla yako. Anaweza kuosha vyombo vya asubuhi, kumenya vitunguu, kuweka maji ya ugali jikoni saa 1 kasorobo, na ndani ya miezi michache anaweza kusonga ugali mwenyewe. Mfundishe siku ambayo hamna haraka, simama pembeni yake, usimnyang'anye mwiko ukiona mabonge. Akitoa ugali wenye mabonge mle, mmsifu, kesho utakuwa bora. Usingoje akusaidie akijisikia. Mpe siku zake mbili za wiki zijulikane ni zake.

Na baba yao. Wanaume wa Uchagani ni watu wa jikoni tangu zamani, wanachinja, wanapika supu, wanasimamia ndafu ya harusi kwa saa nyingi bila kulalamika, wanajua nyama imeiva kwa kuitazama. Mtu mwenye subira hiyo anaweza kabisa kupika mlo mmoja wa katikati ya wiki. Tena presha ni yake. Nimeona mara nyingi mgonjwa anayepika mwenyewe akielewa chumvi upesi kuliko anayepikiwa, kwa sababu mkono wake ndio unaoipima.

Chumvi yenyewe Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kikijumlisha kila kitu alichokula, mkate na vya nje vikiwemo. Familia ya watu wanne ikitia vijiko viwili kwenye sufuria moja ya jioni, hesabu tayari imeshavurugika. Anza na zile kete za viungo vya mchuzi, ambazo sehemu kubwa ni chumvi, ziache kabisa. Halafu punguza kidogokidogo ya sufuriani wiki hadi wiki. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache, ila ukiondoa kwa mkupuo wote watasusa. Tangawizi, kitunguu saumu, hoho, limao linalokamuliwa chakula kikishaepuliwa, hivyo vinatosha kuamsha ladha. Kopo la chumvi lisikae mezani. Dawa alizoandikiwa asiziache kwa kuwa tu chakula kimebadilika. Hilo ni la daktari wake kuamua.

Chipsi sikukatazi. Ziwe siku moja inayojulikana, badala ya kuja kila mnapozidiwa. Shida yake ni chumvi, mafuta yanayochemshwa tena na tena, na kwamba hazina mboga. Mkiagiza, kachumbari nyingi itengenezwe nyumbani, na chumvi iombwe isiwekwe.

Mtori umenifurahisha, maana hapo umeuliza jambo la moyo. Usiupike siku ya kazi. Upe Jumamosi alasiri, nguo zikiwa kambani, na siku hiyo usipange lingine. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa ichemke kwanza peke yake na kitunguu na tangawizi, saa moja na nusu, mpaka ikipigwa uma inaachia. Wakati inachemka ndipo mnamenya ndizi, nyote watatu au wanne mkikaa. Ndizi mshale ndizo zinazotoa mtori laini. Paka mafuta mikononi na kwenye kisu kwanza, utomvu wake ukigusa nguo hautoki. Kata ncha zote mbili, chana ganda kwa urefu, lisukume kwa kidole gumba, na kila ndizi iingie kwenye maji mara moja isije ikawa nyeusi. Zikiiva ndani ya supu, toa nyama na mifupa, ponda ndizi kwa mwiko ukizungusha mpaka isibaki chenga, kisha rudisha nyama iliyochambuliwa, maziwa au siagi kidogo, na supu ya kutosha iwe nyepesi kunyweka. Chumvi mwisho, kidogo. Kazi hii haina njia ya mkato, na sitaki uitafute. Hapo jikoni ndipo mtoto atakuuliza bibi alikuwa anapikaje, nawe utakuwa na nafasi ya kumjibu.

Mkikaa kula, siku yoyote ile, televisheni izimwe na simu ziwekwe mbali. Tumbo huchukua kama dakika 20 kuipa akili taarifa ya shibe, na anayemaliza sahani kwa dakika tano anaongeza ya pili kabla taarifa haijafika. Kwa mume wako, kama uzito nao ni tatizo, hilo pekee lina faida.

Usianze yote wiki moja. Wiki hii loweka maharage tu, na umwambie kijana zamu zake. Mboga za mchana zije wiki ijayo.

Swali la dona. Ndiyo, ni bora, kwa sababu inasagwa na pumba na kiini chake, humo ndimo zilimo nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini B. Sembe imekobolewa vyote viwili. Dona inashibisha muda mrefu pia. Lakini inataka umakini kuliko sembe. Mafuta ya kiini huifanya ichache upesi, kwa hiyo saga au nunua ya wiki mbili tu, uitunze pakavu. Na mahindi yake yawe makavu na safi, yamechambuliwa yenye ukungu, yaliyooza na yaliyovunjika, kwa ajili ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mimi ningekushauri ununue mahindi, myachague wenyewe nyumbani, mpeleke mashineni. Ukinunua unga wa dukani tazama alama ya TBS na tarehe ya kusagwa. Siku za mwanzo changanya nusu dona nusu sembe, maji yawe mengi kidogo kuliko ulivyozoea na ugali ukae jikoni dakika chache zaidi, maana dona huchelewa kuiva. Watoto wakiacha kuuliza kwa nini ugali umebadilika rangi, ongeza dona.